Tairi Moja Moja kwa Maji ya Mama

Gari langu lilikuja na matairi sita, na mimi niliyapenda yote sita. Mawili mbele, manne nyuma, mawili mawili yamebanana kila upande kama watoto pacha kitandani. Ni lori dogo lililokwisha pita mikononi mwa watu, limepakwa rangi ya bluu juu ya nyekundu, na chini ya nyekundu kuna rangi nyingine ambayo aliyeniuzia aliniambia nisiulize. Siku niliyoliingiza Chiwata majirani walitoka nje kutazama. Mwanamke na lori, tena anaendesha mwenyewe! Mzee mmoja jirani yangu alilizunguka mara mbili, akayapiga teke matairi ya nyuma, akasema, "Hapo umepata, mama. Pacha hizi zitakubebea korosho mpaka useme basi." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Na kweli zilibeba. Kutoka shambani kwangu hadi ghala la chama cha ushirika njia ni ya udongo mwekundu, mgumu, na gunia la korosho ni mzigo mtulivu. Ukishalifunga kamba halina neno na mtu. Tairi moja likipasuka, mwenzake anashikilia mpaka unafika kwa fundi. Sikuona sababu ya mtu mwenye akili timamu kutaka gari la mizigo lenye tairi moja moja nyuma, na nilikuwa nasema hivyo kwa sauti kubwa, mbele ya watu, bila kuulizwa. Ndiyo maana baadaye walinicheka sana.

Mama yangu yeye anaishi juu, upande wa Newala. Ukishapita Kitangari unaacha barabara, unashika njia ya mchanga inayopita katikati ya mikorosho ya watu, kitongoji baada ya kitongoji, halafu kuna korongo, na ng'ambo ya korongo ndiyo nyumba ya mama. Kule maji hayana mzaha. Nyumba yake ina bati, bati lina mfereji, na mfereji unamwaga maji ya mvua kwenye shimo lililosakafiwa kwa saruji. Baba alilichimba kwa mikono yake kabla hajafariki. Mvua zikinyesha vizuri shimo linajaa, na mama anachota kwa kipimo mwaka mzima mpaka mvua nyingine. Mwaka ule shimo lilipasuka chini, maji yakapotelea ardhini taratibu, na hakuna aliyejua. Mwezi wa nane mama alishusha ndoo, ndoo ikagonga saruji kavu.

Kaka yangu mkubwa alipata habari kabla yangu. Ni mtumishi wa serikali, anakaa Masasi mjini, na nyumbani kwake bomba liko mpaka ndani ya choo. Nilipofika kwa mama nilimkuta amekwisha ketisha kikao, mjomba wetu yuko kwenye kiti, na sanduku la mama liko mlangoni. Nikalitazama sanduku, nikamtazama kaka.

"Mama anahamia kwangu," kaka alisema. "Nimeshaamua."

"Umeamua wewe na nani?" nikauliza, hata sijaketi.

"Maji hakuna. Unataka mama afe kwa kiu kwa sababu ya ubishi wako?"

"Nihamie Masasi nikafanye nini?" mama akadakia. "Nikae kwenye kochi nitazame luninga?"

"Ukaoge, mama. Ukanywe maji kama watu wengine."

Kaka hakuwa mtu mbaya, na nataka niseme hivyo mapema kwa sababu mbele nitamsema vibaya. Alikuwa anaogopa. Lakini na mimi nilikuwa naogopa. Shangazi yetu alichukuliwa hivyo hivyo, kwa mapenzi mema, akapelekwa mjini akae kwa raha. Alikaa kwa raha akitazama ukuta, akaacha kula, na hakumaliza mwaka. Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba ya mama. Mikorosho aliyoipanda mama akiwa na mimba yangu iko mbele ya nyumba. Nilijua mama akivuka lile korongo na sanduku hatarudi akiwa mzima, nilijua kabisa.

"Nitamletea maji mimi," nikasema. "Nina gari. Kila Jumamosi, mpaka mvua."

Kaka alicheka. Mjomba hakucheka. Kwetu mjomba akishasema, wapwa mmesikia, na yeye alituacha tubishane kwanza mpaka tulipoishiwa pumzi. Ndipo akasema, "Haya. Kila Jumamosi. Ikipita Jumamosi moja tu mama yenu hajapata maji, Jumapili yake mkubwa anakuja kumchukua, na mdogo hafungui mdomo. Mmekubaliana?"

Tukakubaliana. Mama alinishika mkono tulipokuwa tunatoka nje.

"Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Sitaki majigambo. Nakuuliza kweli."

"Nitaweza."

Akaliburuta sanduku lake mwenyewe kulirudisha chumbani.

Jumamosi ya kwanza nilifunga tangi jeusi la plastiki nyuma ya lori, nikalijaza pomoni kwenye kisima cha bondeni, nikapanda mlima nikiimba. Barabara kubwa gari lilikwenda kama limetumwa na mzee. Nikaacha barabara, nikaingia kwenye mchanga, na hata nusu saa haikuisha gari likakaa chini kama kuku anayetaka kutaga.

Nilitia gia ya kwanza, likazidi kuzama. Nilirudisha nyuma, likazidi kuzama. Nikashuka, nikapiga magoti nikachungulia uvunguni. Sasa sikilizeni, maana jambo hili nililielewa nikiwa na mchanga mdomoni. Tairi la mbele ni moja, linachimba mfereji wake mmoja. Nyuma wanakuja wawili wamebanana, hawatoshi kwenye mfereji ule. Huyu anakanyaga ukingo wa ndani, yule anakanyaga ukingo wa nje, kila mmoja anaanza kuchimba upya kana kwamba mwenzake wa mbele hakufanya kazi yoyote. Halafu katikati yao palikuwa na kipande cha kisiki cha mkorosho, kimejibana pale kama nyama kwenye jino. Nilikichokonoa kwa chuma mpaka vidole vikatoka damu.

Nilichimba kwa jembe, nikalaza matawi chini ya matairi, nikasogea hatua nne, nikazama tena. Nilichimba mara saba. Nilitukana gari, nikamtukana aliyeniuzia, nikamtukana na jirani yangu mzee aliyesifu pacha, Mungu anisamehe. Nilitoka nyumbani alfajiri, nikafika kwa mama alasiri, nimepauka kwa vumbi na mgongo hausimami.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikwama?"

"Sikukwama. Nilipumzika kidogo njiani."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Pole kwa kupumzika," akasema, akaenda kunichemshia chai kwa maji niliyoleta.

Jumatatu nilikuwa kwa fundi wangu Masasi. Ni mtu mzima, mwembamba, hana haraka, na ana tabia ya kumalizia kufunga nati aliyoanza kabla hajakuitikia. Nilimweleza yote. Alifuta mikono.

"Mama, wewe unabeba nini? Korosho au maji?"

"Vyote viwili."

"Unapita wapi? Udongo mgumu au mchanga?"

"Kote kuwili."

"Basi chagua mmoja wa kumkosea adabu," akasema. "Ukitaka mzigo mkubwa, baki na pacha. Ukitaka mchanga, weka tairi moja moja nyuma, nene, rimu pana, likae sawasawa kwenye mstari wa tairi la mbele. Wa mbele anafungua njia, wa nyuma anapita palepale. Lakini korosho utabeba pungufu. Na likipasuka, limepasuka, hakuna mwenzake."

Mafundi wengine wawili waliokuwa pale walipinga mpaka mate yakawatoka. Mmoja alisema gari la mizigo bila pacha ni sawa na mwanaume bila suruali. Mwingine alisema nitaanguka nalo kwenye kona ya kwanza, kitako cha gari kitakuwa chembamba mno. Walinirudishia maneno yangu mwenyewe, maana nao waliwahi kunisikia nikiwasifia pacha watu ambao hawakuniuliza. Nilifikiria msimu wa korosho ulioko mlangoni, nikafikiria magunia yangu. Halafu nikaliona lile sanduku mlangoni kwa mama.

"Toa pacha," nikamwambia fundi. "Weka moja moja."

"Una hakika?"

"Sina hakika. Toa."

Niliporudi Chiwata na tairi moja moja, jirani yangu mzee alitoka, akalizunguka gari mara mbili, safari hii hakupiga teke. "Wengine wameibiwa wapi?" akauliza. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakanibandika na jina, ambalo sitaliandika hapa. Nilifunga mlango wa gari kwa kishindo nikaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata nilipita kwenye mchanga kama napita kwenye mkeka. Nilipunguza upepo kidogo kama fundi alivyonielekeza, tairi likatanuka, la nyuma likafuata la mbele, na sikushuka hata mara moja. Nilipiga honi pale pale nilipozama wiki iliyotangulia, peke yangu, bila mtu wa kunisikia. Jumamosi ya tatu hivyo hivyo. Nilimpigia simu kaka kumwambia tu hali ya mama ni nzuri. Akasema "sawa" kwa sauti ndogo, na nikalala vizuri usiku ule, sitaki kusema uongo.

Sasa kuna jambo la njiani ambalo sikulitaja, kwa sababu kwetu hata halitajwi. Ukipita kwenye vitongoji vile na maji, watu wanakuona. Mama mmoja amesimama mlangoni na ndoo tupu. Anakusalimia. Unasimama, unaitikia, na ukishasimama utafanyaje? Utaitikia salamu ya mtu mwenye ndoo tupu halafu uondoke na tangi limejaa? Thubutu! Hakuna aliyewahi kuniambia "nipe". Walinisalimia tu. Mimi nilikuwa nafungua bomba la tangi, ndoo inajaa, tunaulizana habari za watoto, naondoka. Mbele kidogo mwingine. Bibi mmoja aliniita kwa jina la mwanangu mkubwa, kanijuaje sijui, na yeye nikamjazia. Mama alinilea hivyo. Siku ile ya kikao alinisindikiza mpaka kwenye gari, akaniambia neno moja tu kuhusu safari: "Usinifikie hapa na maji uliyowanyima watu."

Jumamosi ya nne waliosimama njiani walikuwa wengi kuliko wiki mbili zilizopita. Niliona, nikashangaa kidogo, nikajaza ndoo zao. Nilifika kwenye korongo jua likiwa kali.

Pale njia inashuka imelala ubavu. Tairi za kushoto zinakuwa chini, za kulia juu, na unatakiwa kwenda taratibu. Nilikwenda taratibu. Nilikuwa katikati niliposikia nyuma yangu sauti nzito, bwaa, kama mtu kajitupa ukutani. Yalikuwa maji. Yote yalikimbilia upande wa kushoto kwa mara moja, gari likayafuata. Usukani ukaniponyoka. Niliona mbingu kwenye dirisha la kulia na majani kwenye dirisha la kushoto. Nikapiga ukelele ambao mpaka leo nauonea aibu. Kisha bodi likaegemea ukingo wa korongo, kra, likatulia hapo. Tairi moja la nyuma lilikuwa hewani, linazunguka polepole.

Nilitokea dirishani. Nikakaa chini mchangani nikalia, na sikulia kwa sababu ya gari. Nililia kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na nyumba ya mama naiona pale ng'ambo, bati linang'aa, na maji yako hapa. Nilimwona kaka akija kesho yake na gari lake. Nililiona sanduku. Nilijisemea, umeyataka mwenyewe, wewe na tairi zako moja moja, watu walikwambia hukusikia.

Sijui nililia muda gani. Niliponyanyua uso niliwaona akina mama wanakuja kwenye njia, mmoja mmoja, na ndoo zao. Bibi aliyenijua kwa jina la mwanangu ndiye alikuwa mbele. Walikuwa wamesikia ukelele wangu, nadhani waliusikia mpaka Newala.

"Umeumia?" akauliza.

"Sijaumia, bibi. Lakini maji hayatafika."

"Maji yana miguu?" akasema. "Fungua bomba."

Sikumwelewa. Alifungua mwenyewe. Akajaza ndoo yake, akajitwika, akashuka korongo na kupanda ng'ambo. Wa pili akafuata. Wa tatu. Kina mama wale wale niliowajazia asubuhi walikuwa wanapita na maji vichwani kwenda kwa mama yangu, wanapishana na wanaorudi na ndoo tupu, na mmoja alikuwa anawaambia wenzake kwa Kimakonde jinsi nilivyopiga ukelele, wanakufa kwa kicheko. Nikajitwika na mimi. Tangi lilivyozidi kuwa tupu gari likazidi kuinuka lenyewe, kidogo kidogo, mpaka lile tairi la hewani likagusa chini. Wakalisukuma, nikalirudisha nyuma, likatoka.

Mama alikuwa amesimama kwenye ua anaelekeza pa kumwagia. Mapipa, masufuria, beseni la kufulia, kila kitu kilijaa. Niliweka ndoo ya mwisho chini, nikamtazama.

"Yamefika, mama?"

"Yamefika," akasema. "Ni Jumamosi na yamefika. Nani ana neno?"

Habari zilifika Masasi kabla yangu. Kaka alinipigia. "Nasikia umeangusha gari."

"Halikuanguka. Liliegemea."

"Wewe utakufa na ubishi huo. Sikiliza, Jumamosi ijayo nakuja nipande na wewe nione kwa macho yangu. Nikiona mchezo, mama anaondoka, na mjomba nitamweleza mimi."

Nilikwenda kwa fundi nikiwa mnyonge kweli. Pacha wangu aliwatunza kwenye kona, wamefunikwa gunia. "Nirudishie," nikasema. "Nimekoma. Kitako kimekuwa chembamba, nimeanguka kama walivyosema." Wale mafundi wawili waliangaliana, nikajua wanachotaka kusema, nikawaambia wakithubutu nawapiga spana.

Fundi alimalizia nati yake.

"Tangi lilikuwa na maji kiasi gani?"

"Nililijaza pomoni."

"Sikuulizi kisimani. Nakuuliza korongoni."

Nikaanza kuwahesabu watu wa njiani kwenye vidole, mlango kwa mlango, ndoo kwa ndoo. Vidole vikaisha.

"Nusu," nikasema. "Labda nusu."

"Tangi likijaa, maji hayana pa kukimbilia. Likiwa tupu, hakuna wa kukimbia. Likiwa nusu ndiyo balaa, yanakwenda yanakotaka, na gari linayafuata." Akapiga teke tairi langu moja moja, kwa heshima. "Huyu hana kosa. Hata ungekuwa na pacha ungeegemea tu. Isipokuwa na pacha usingefika korongoni, ungekuwa bado umezama kule mchangani."

Nilikaa juu ya gurudumu kuukuu nikafikiri. "Basi nisiwape watu," nikasema polepole, ili nisikie lilivyo. Fundi alirudi kwenye nati zake. Neno lenyewe lilinuka mdomoni. Sikulirudia.

"Nani kasema lazima liwe tangi?" nikauliza baadaye.

Jumamosi iliyofuata nilishusha tangi. Nilipanga madumu, ya manjano na ya bluu na mengine yaliyokosa rangi, yamejaa mpaka shingoni, yamefungwa vifuniko, yamebanana wima bodi zima, yamezungushiwa kamba. Maji ndani ya dumu lililojaa hayaendi popote. Niliazima kwa majirani Chiwata, mzee wangu wa kupiga teke alinipa manne na akaniambia niyarudishe yakiwa na vifuniko vyake, ananijua. Tairi zikabaki moja moja. Msimu wa korosho ulikwisha anza na magunia yangu yalikuwa yananisubiri. Nikaamua nitayapeleka ghalani nusu nusu, safari mbili badala ya moja, na anayetaka kucheka acheke.

Kaka alinisubiri Kitangari, amevaa viatu vya ofisini. Alipanda, akafunga mkanda, akashika na mlango kwa mikono yake yote. Tuliingia kwenye mchanga. Gari lilikwenda. Alitazama nje, akatazama nyuma, akatazama nje tena.

"Mbona halizami?"

"Linaogopa viatu vyako."

Kwenye kitongoji cha kwanza walikuwa wamesimama watu. Wengi. Mimi mwenyewe nilishtuka. Nilisimama, tukasalimiana, dumu moja lililojaa likashuka, tupu likapanda mahali pake. Hatua chache tena, lingine. Niliwabadilishia kwa kufuata mstari, moja la kushoto, moja la kulia, ili gari lisiegemee. Kaka mwanzoni alikaa ndani amenuna. Kwenye kitongoji cha tatu bibi yule alikuja na dumu lake, akamsalimia kaka kwa jina la ukoo wetu, akamuuliza mke na watoto. Kaka akashuka. Akavua koti. Akalishusha dumu la bibi mwenyewe, viatu vikazama mchangani mpaka kwenye soksi.

"Hivi kila Jumamosi uko hivi?" akaniuliza tulipoondoka.

"Kila Jumamosi."

"Na hawa wamejuaje unapita leo?"

"Hata mimi sijui. Wanaongezeka tu."

Kwenye korongo nilisimamisha gari nikamwambia kama anataka kushuka ashuke. Akasema hashuki. Nilitia gia ndogo. Gari likalala ubavu pale pale, kaka akasoma dua yote anayoijua na nyingine ya kubuni, mimi nilikuwa nasikiliza nyuma tu. Sikusikia bwaa. Nilisikia madumu yakisuguana, kisha tukawa tunapanda, kisha tukawa kwenye ua wa mama.

Tulimshushia mama madumu yake. Yalikuwa machache. Kaka alisimama anayatazama, akageuka akatazama bodi lililojaa madumu matupu, na niliona hasira inampanda.

"Mama, maji yote yameishia njiani! Gari zima, na wewe umepata haya?"

"Yananitosha. Mimi ni mtu mmoja."

"Lakini watu wote wale wamejuaje? Nani amewaambia?"

Mama alikuwa anakoroga uji. Hakuinua kichwa.

"Niliwaambia mimi."

Nikamgeukia. Wiki zile zote, ndoo zilizoongezeka, tangi la nusu, korongo, ukelele wangu. Mama yangu mzazi!

"Mama, nusura uniue," nikasema.

"Najua. Nilikuona kutoka hapa, nilikaa chini sikuweza kusimama." Hapo akaacha kukoroga. "Nilitaka kukwambia usilete tena. Kisha nikawaona wanakuja na maji yangu vichwani." Akamtazama kaka, si mimi. "Unasema mama ahame kwa sababu hakuna maji. Na wao? Huyu binti analeta maji huku kwa sababu mimi niko huku. Nikikaa kwenye kochi lako Masasi, nani atapita ile njia?"

Kaka alitazama viatu vyake vilivyojaa mchanga, akaenda akakaa kizingitini, akavikung'uta kimoja kimoja, taratibu sana, kama mtu mwenye siku nzima. Nilisubiri. Nilikuwa na majibu manne tayari mdomoni, yote makali.

Akavaa viatu. Akaingia chumbani kwa mama. Nikajua amekwenda kuchukua sanduku. Na kweli alitoka nalo, zito, amelikumbatia kwa mikono miwili, akalipeleka mpaka kwenye ukuta wa jikoni, akalilaza chini, akaweka madumu ya mama juu yake ili yasikae mchangani.

"Jumamosi ijayo," akaniambia bila kunitazama, "tunatoka bondeni saa ngapi?"